Meli Iliyozama kwa Jina Jingine

Kwa muda wa wiki kadhaa nilikuwa na habari mfukoni, na kila nilipoikaribia baraza ile miguu ilinirudisha nyuma. Msomaji mpendwa, ziko habari ambazo mjumbe huzikimbiza, na ziko nyingine ambazo hutamani lau angezipeleka mtu mwingine. Yangu ilihusu kifo, ila aliyekufa hakuwa mtu.

Baraza yenyewe iko Mji wa Kale, Mombasa, si mbali na Msikiti wa Mandhry. Baada ya sala ya alasiri hukaa hapo wazee wawili wenye asili ya Ngazija, waliooa hapa na kuzalia hapa. Mmoja amekwisha pita miaka 80, mwenziwe anamfuata nyuma kidogo. Walinikataza kuyatia majina yao gazetini, nami nimewatii, kwani wao wenyewe huitana kwa majina yanayonitosha: Wa Chini na Wa Juu. Wa Chini alifanya kazi katika chumba cha mitambo. Wa Juu alikuwa boi wa vyumba na wa meza za abiria. Meli ilikuwa moja, nayo ni Jean Laborde ya kampuni ya Kifaransa ya Messageries Maritimes.

Wazee wetu waliokuwa wakishuka Kilindini miaka hiyo huenda wakaikumbuka. Ilishushwa majini mjini Bordeaux mwaka wa 1952, ikiwa ni moja kati ya meli nne ndugu. Nyingine zilikuwa La Bourdonnais, Ferdinand de Lesseps na Pierre Loti. Urefu wake ulikuwa mita 153. Safari yake ilianzia Marseille, ikapita Port Said na Mfereji wa Suez, ikatia nanga Djibouti, ikaja Mombasa, kisha ikaendelea kusini hadi Bukini na visiwa vya upande ule. Jina ililopewa lilikuwa la Mfaransa mmoja wa karne ya 19 aliyekuwa fundi mkubwa wa Malkia Ranavalona huko Bukini. Wa Chini hakuyajua hayo mpaka nilipomweleza. Akacheka, akasema kumbe miaka yote ile alikuwa akimpaka mafuta mtumishi mwenziwe.

Wangazija waliingia meli za Kifaransa kwa wingi, wengine wakiandikwa kazi Majunga, wengine Diego Suarez. Waliokaa Marseille baina ya safari na safari ndio waliofungua njia kwa jamaa zao, hata leo mji ule una Wangazija wengi mno, na wapo wauitao kisiwa cha tano. Fedha zao zilirudi nyumbani kujenga nyumba na kutimiza ada, ile harusi kuu ambayo bila ya kuifanya mwanamume wa Ngazija hahesabiwi kuwa mtu mzima, hata akiwa na mvi. Wa Chini aliniambia kwamba alikuwa akiihesabu ada yake kwa zamu: saa 4 kazini, saa 8 nje, mchana na usiku, na kila zamu aliigeuza kichwani mwake kuwa mbuzi au kipande cha dhahabu cha bibi harusi.

Huko chini hapakusemwa neno likasikika. Mitambo ya dizeli ilinguruma kiasi kwamba watu walizungumza kwa vidole na nyusi, na mzee wangu huyu hadi leo ukimsemesha hukutazama midomo. Ndiyo sababu barazani kwao sisi sote hupiga kelele kana kwamba tunagombana, na wapita njia hudhani pana shari.

Shida ya Wa Juu ilikuwa nyingine, na naona ndiyo iliyomwelemea zaidi. Kazi yake ilikuwa safi, mavazi yake meupe, lakini mezani palikuwa na mvinyo. Mafundisho ya dini yetu yanajulikana: laana ya pombe haimfiki mnywaji peke yake, humfika na anayeibeba na anayeimimina. Alikuwa kijana wa miaka 19, mama yake mjane, na ndugu zake wadogo wakingojea hawala. Alimimina. Alimimina muda wa miezi 7, na kila usiku, alivyoniambia, aliosha mikono mpaka ngozi ikachubuka. Hatimaye akamwendea mkubwa wake akamwomba ahamishiwe chumba cha kufulia nguo, kazi ya joto na ya mshahara mdogo zaidi. Mkubwa yule alimwona hamnazo. Mama yake naye, fedha zilipopungua, alituma barua kuuliza amekosa nini. Nilimuuliza Wa Juu alijibu nini. Akasema hakujibu, mama alifariki akidhani mwanawe aliadhibiwa kwa uvivu.

Sikupata la kusema. Wa Chini ndiye aliyeivunja kimya ile kwa kumkumbusha mwenziwe habari ya kibla.

Hapo, msomaji wangu, nilijuta kwamba mimi niliyesoma chuoni kwa bakora na kujua nahau na sarufi sijapata kulifikiri jambo hilo. Sisi watu wa Mombasa tunaelekea kaskazini tangu tuzaliwe, na misikiti yetu imejengwa hivyo, basi tumesahau kwamba kibla ni jambo la kutafutwa. Mtu wa melini hawezi kusahau. Walipotoka Djibouti na kuingia Bahari ya Sham, Makka ilikuwa mbele yao, nao wakisali wakielekea omo. Siku ya pili au ya tatu Makka ilihamia upande wa kulia, na wakati huo walijua wako usawa wa Jidda. Walipokaribia Suez ikawa nyuma yao, wakasali wakiitazama tezi na povu la meli. Hapakuwa na haja ya kumuuliza nahodha wako wapi. Walioshuka chini kwa zamu waliwauliza wenzao waliokwisha sali: "Leo wapi?" Jibu lilikuwa "omo", au "kulia", au "tezi", na kila mmoja akajua amebakisha siku ngapi kufika.

Wakiwa usawa wa Jidda, waliokuwa nje ya zamu walipanda sitahani, wakasimama upande wa kulia wakitazama. Hakuna walichokiona ila maji na ukungu wa joto. Wa Chini alipita hapo mara nyingi asizoweza kuzihesabu, kila mara akinuia kuhiji, na kila mara meli ikaenda zake. Alipojaliwa kuhiji, alikwenda kwa ndege, na ombi lake la kwanza pale Jidda lilikuwa apelekwe ufukweni, ili aione ile bahari kutoka upande wa pili.

Mwezi Juni 1967 vita viliufunga Mfereji wa Suez, usifunguliwe tena mpaka Juni 1975. Meli za njia ile zikalazimika kuizunguka Afrika yote kwa Rasi ya Tumaini Jema. Ndege nazo zilikwisha anza kuwanyang'anya abiria. Mwaka wa 1970 Jean Laborde iliuzwa kwa Wagiriki, na wazee wangu wakashuka na masanduku yao. Habari zake ziliishia hapo kwao. Walidhani, kama ilivyo desturi, kwamba ilikatwa vyuma.

Haikukatwa. Hii ndiyo habari niliyokuwa nayo mfukoni. Wagiriki waliibadilisha jina mara kadhaa, na tangu mwaka wa 1976 ikaitwa Oceanos, meli ya matembezi ya watalii. Usiku wa tarehe 3 Agosti 1991, ikitoka East London kwenda Durban katika bahari iliyochafuka, maji yaliingia upande wa mitambo, taa zikazimika. Mchana wa tarehe 4 ilizama karibu na Coffee Bay. Watu 571 walikuwamo, na kwa rehema ya Mwenyezi Mungu wote waliokolewa, wengi kwa helikopta za jeshi la Afrika Kusini. Lakini nahodha alipandishwa helikopta huku abiria wakiwa bado sitahani, na mmoja wa waliobaki kuwaongoza watu alikuwa mpiga gitaa wa meli, Moss Hills. Uchunguzi uliofanywa Ugiriki ulimwona nahodha na baadhi ya maofisa wake kuwa walizembea.

Niliwaeleza haya jioni moja, nikawatolea na picha: meli imelala ubavu, omo imekwisha kumezwa. Wa Juu alisema aliisikia habari ya Oceanos redioni mwaka ule, akasikitika kama mtu anavyosikitikia nyumba ya mgeni. Wa Chini aliishika picha karibu na macho. Aliniuliza maji yaliingiaje. Nikamwambia nilivyosoma, kwamba ukuta wa kuzuia maji ulikuwa na tundu, na valvu za mabomba ya maji machafu zilikuwa zimefunguliwa kwa matengenezo, basi maji yakapanda kupitia vyooni. Akapiga goti lake kwa ngumi.

"Valvu!" akasema. "Mwanangu, mimi nililala na zile valvu. Ningeamka usingizini nikazifunga kwa giza."

Habari ya nahodha hakuitolea neno. Wa Juu ndiye aliyesema, akitazama chini, kwamba mpiga gitaa yule pengine hata mezani hakuruhusiwa kukaa na wakubwa.

Adhana ya magharibi ilikuwa karibu. Wa Chini alitaka kujua meli imelala wapi hasa, nikamchorea pwani kwa kidole juu ya saruji ya baraza. Akaitambua, walipoizunguka Rasi walipita pale. Nikamwambia iko chini zaidi ya mita 90.

"Na kibla chake wapi?" akaniuliza.

Nilifikiri kidogo, nikamwambia ni kaskazini, kwa kupinda kidogo mno mashariki.

"Ah," akasema, akiitafuta bakora yake. "Basi kama hapa."