Kuoa na Kuoana: Mrithi Msitasitaji katika Tafsiri

Katika futuhi ya mapenzi ya Casey McQuiston, Red, White & Royal Blue (2019), Henry, mwanamfalme wa Uingereza anayeelemewa na wajibu wa nasaba, anampenda Alex, mwana wa rais wa Marekani. Viwakilishi vya Kiingereza huonyesha jinsia yao. Kiambishi a- hakiionyeshi. Hasara hiyo ni ndogo, kwani majina hutosha. Ugumu halisi umo katika kitenzi -oa: kimapokeo mume huoa, mke huolewa. Kauli ya kutendana, kuoana, haimpi yeyote nafasi ya mke. Hapa mfasiri hupata faida ambayo Kiingereza hakina: kasri humtaka Henry aoe, yeye anaweza kusema wataoana.