Zanzibar na OIC: Kujitoa Kusikotuliza Fitina

Ndugu msomaji wa Ziba, uliye mbali na bahari, huenda ukauliza jambo la Zanzibar lilikuhusu nini. Lilikuhusu sana. Mwezi Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC. Agosti 1993 ikajitoa, kwa kuwa mambo ya nje ni ya Muungano. Fitina haikutulia. Wabunge 55 wa Bara walidai serikali ya Tanganyika, na Bunge likaikubali hoja yao mwezi huohuo. Mwalimu Nyerere akaipinga kwa nguvu, hata mwaka 1994 ikaachwa. Nao Waislamu wengi waliuliza, wala si bila haki: mbona Uganda, yenye Wakristo wengi, imo tangu 1974? Tanzania mpaka leo haimo.