Kipoza Kimya kwa Kompyuta ya Kurekodia

Ukisikiliza kwa makini rekodi zinazofanywa katika vyumba vya kazi vya kitivo, kuna kitu unachokisikia kabla msimulizi hajafungua kinywa: mvumo. Ni sauti ya chini, isiyo na mwanzo wala mwisho, na waliokuwamo chumbani wameizoea kiasi kwamba hawaisikii tena. Kipaza sauti hakizoei kitu. Kinapokea yote kwa usawa, na siku mwanafunzi anapoketi kuandika TFC yake juu ya toni za lugha ya kwao, anaukuta mvumo ule umelala chini ya kila silabi. Mzee aliyesimulia huenda amerudi kijijini, au hayupo tena duniani. Rekodi ile ndiyo pekee.

Mara nyingi chanzo ni kompyuta ya mezani iliyo hatua moja kutoka kwenye kipaza sauti, na ndani ya kasha lake ni feni ndogo iliyokaa juu ya prosesa. Bahati nzuri feni hiyo ni kifaa kinachobadilishwa kwa bisibisi. Lakini madukani vipoza ni vingi, na maneno yaliyoandikwa kwenye maboksi yake si ya kuaminiwa yote.

Tuelewane kwanza juu ya maneno, maana sisi ni watu wa lugha. Hapa Lubumbashi kompyuta ni mashini, na feni ni vantilatere. Katika makala haya nasema "kipoza" kwa kifaa kizima, yaani chuma cha kubeba joto pamoja na feni yake, na "feni" kwa kile kinachozunguka peke yake. Tofauti hii si ya ubishi wa kamusi. Anayekwenda dukani kuomba "vantilatere ya prosesa" anaweza kurudi na feni tupu isiyo na chuma, huku tatizo lake lilikuwa chuma.

Kwa nini mvumo huu unatudhuru sisi kuliko wanafunzi wa sheria? Chukua feni yenye mapanga 7 inayozunguka mara 1500 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 25 kwa sekunde, na katika kila mzunguko mapanga 7 yanapita mbele ya nguzo za fremu na kuipiga hewa. Mara 25 kwa 7 ni mapigo 175 kwa sekunde: toni ya Hz 175. Mwanamume mzima anapozungumza, sauti yake ya msingi kwa kawaida iko kati ya Hz 100 na 150 hivi. Ya mwanamke iko karibu na 200. Feni basi inaimba katikati ya wasimulizi wetu. Programu ya Praat, ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ambayo wengi wetu tunaitumia kuchora mwinuko wa sauti, haijui kwamba toni ile ni ya plastiki. Pale msimulizi anapoishiwa pumzi mwishoni mwa sentensi, programu inaweza kuikamata feni na kuchora mstari mnyoofu kana kwamba mtu bado anatamka.

Kwa Kiswahili, ambacho hakina toni za kubagua maneno, hasara inavumilika. Lakini mfikirie anayechunguza Kilingala, ambamo moto kwa toni za chini ni mtu, na motó yenye toni ya juu mwishoni ni kichwa. Au anayechunguza Kiluba. Kwake mwinuko wa silabi ya mwisho ndio neno lenyewe, na silabi ya mwisho ndiyo hutamkwa kwa sauti dhaifu kuliko zote.

Zaidi ya toni hiyo kuna mchakacho wa hewa inayopenya kwenye chuma, ule "shhh" uliosambaa juu ya masafa mengi. Huu unafanana mno na konsonanti za mkwaruzo, s, f, h, na unazifunika. Wapo wanaosema programu ya kusafisha sauti itauondoa. Itaondoa sehemu, kweli, lakini haina njia ya kutenganisha kabisa mchakacho wa feni na mchakacho wa s, kwa hiyo inakata vyote viwili na kuacha sauti kama ya mtu aliye chini ya maji. Ni heri kelele isiingie tangu mwanzo.

Sasa tukiangalie kipoza chenyewe. Prosesa ni kipande kidogo kinachotoa joto jingi. Intel Core i5-12400, kwa mfano, imeandikiwa wati 65, zaidi kidogo ya balbu ya zamani ya wati 60 ambayo huwezi kuishika kwa mkono, na kwa muda mfupi inaruhusiwa kupanda hadi wati 117. Joto hilo linapitia kwenye mafuta mazito ya kijivu ambayo mafundi huita pate, linaingia kwenye kitako cha chuma, linapanda ndani ya mirija ya shaba, linasambaa kwenye mapezi membamba ya alumini, na hapo hewa inalichukua. Ndani ya mirija kuna kimiminika kidogo, kwa kawaida maji, kinachochemka upande wa prosesa kwa sababu kanieneo ya ndani ni ndogo, mvuke unakwenda upande wa mapezi, unapoa, unakuwa maji tena na kurudi. Shaba imechaguliwa kwa sababu inapitisha joto karibu mara mbili ya alumini. Sisi tunaoishi juu ya shaba tusishangae.

Kelele inatokana na feni kuzunguka kwa kasi, na feni inazunguka kwa kasi kwa sababu mapezi ni machache. Hapa ndipo pa kuelewa vizuri. Ukipunguza mizunguko ya feni kwa nusu, hewa inapungua kwa nusu, lakini kelele inashuka kwa takriban desibeli 15. Kwa sikio la mtu, desibeli 10 pungufu ni kama ukubwa wa sauti umekatwa nusu. Yaani unapoteza nusu ya hewa na kupata ukimya wa zaidi ya nusu. Biashara nzuri, mradi chuma kiwe kikubwa cha kutosha kuridhika na hewa kidogo. Ndiyo sababu kipoza kimya ni kikubwa: mnara wa mapezi wenye feni ya milimita 120 au 140 inayozunguka polepole. Kile kidogo kilichokuja na prosesa kina eneo dogo la mapezi, kwa hiyo feni yake lazima ikimbie.

Feni ya polepole ina faida nyingine kwetu. Ile ya mapanga 7 ikishushwa hadi mizunguko 700 kwa dakika, toni yake inashuka hadi karibu Hz 82, chini ya sauti za wasimulizi wengi. Hapo unaweza kuikata kwa kichujio bila kugusa maneno.

Namba za desibeli zilizoandikwa kwenye maboksi zisomwe kwa tahadhari. Kampuni nyingi hupima feni ikiwa peke yake katika chumba maalumu, bila mapezi mbele yake wala kasha kuizunguka, na kila moja ina namna yake. Noctua ya Austria imeandika desibeli 22.4 kwa feni ya kipoza chake NH-U12S ikiwa kwenye mwendo wa juu wa mizunguko 1500. Kampuni nyingine ikiandika 22 kwa feni inayozunguka mara 2500, usishindanishe namba hizo mbili, tazama mizunguko. Ningependa msomaji ajiulize maswali mawili tu: kipoza hiki kina mapezi kiasi gani, na feni yake inaweza kushuka hadi mizunguko mingapi bila kusimama?

Kwa prosesa ya wati 65, mnara mmoja wenye feni moja ya milimita 120 unatosha na kubaki. Hyper 212 ya Cooler Master imefanya kazi hiyo kwa miaka mingi kwa bei nafuu. NH-U12S inaifanya kwa utulivu zaidi na kwa bei kubwa zaidi. Thermalright Peerless Assassin 120 SE ina minara miwili na feni mbili, na huko Marekani imekuwa ikiuzwa chini ya dola 40. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo ya kutafuta kwanza, hata baada ya kuongeza usafiri na ushuru wa Kasumbalesa. Feni mbili zinazofanana huongeza desibeli 3 kuliko moja kwa mwendo uleule, lakini kwa kuwa zinasaidiana, zote mbili zinaweza kwenda polepole. Majitu kama NH-D15, yenye urefu wa milimita 165, yana maana kwa prosesa za wati 125 zinazofika wati 253, kama Core i7-13700K. Kwa kuandika na kurekodi hatuhitaji prosesa hizo.

Vipoza vya maji sivipendekezi. Vina pampu, pampu nayo ina mvumo wake ambao hausimami, na ikifa hakuna wa kuitengeneza hapa mjini. Viko pia vipoza visivyo na feni kabisa. Noctua ilitoa NH-P1 mwaka 2021. Ni kimya kama jiwe, lakini vinataka kasha linalopitisha hewa vizuri na prosesa isiyo na pupa.

Kabla ya kulipa, pima. Fungua kasha, weka rula kutoka juu ya prosesa hadi kwenye ubavu wa kasha. Kipoza cha milimita 158 hakiingii kwenye kasha lenye nafasi ya 150, na milimita hizo 8 hazina huruma. Kwa makasha membamba kuna vipoza vifupi kama NH-L9i ya milimita 37, lakini hivyo ni vya prosesa ndogo, na ukimya wake una kikomo. Kisha angalia soketi. Intel ilipoleta LGA1700 mwaka 2021 ilibadilisha nafasi ya matundu kwenye kadi mama kutoka milimita 75 hadi 78, kwa hiyo kipoza cha zamani kinahitaji vibanio vipya. Kwa AMD mambo ni mepesi kidogo: vipoza vingi vya AM4 vinakubali AM5, mradi vinatumia bamba la nyuma lililokuja na kadi yenyewe.

Mtego mkubwa kwetu ni mashini za mitumba. Kompyuta nyingi za ofisi zinazotoka Ulaya au Dubai, za kampuni kama Dell na HP, zina kadi mama, vibanio, na wakati mwingine plagi ya feni ya namna yake. Unanunua kipoza kizuri, unakuta hakishiki, au kinashika lakini kila ukiwasha mashini inalalamika kwamba haioni feni. Kwa mashini hizo tafuta kwanza aliyekwisha kufanya kazi hiyo kwa modeli ileile, si modeli ya jirani.

Na kabla hata ya kununua, jaribu yasiyo na gharama. Toa vumbi. Katika kiangazi chetu vumbi jekundu hujaza mapezi hadi yakafanana na blanketi, na feni inakimbia bure; tumia brashi laini, na uzuie mapanga yasizunguke unapopuliza. Futa pate iliyokauka kwa alkoholi, weka mpya kiasi cha punje ya njegere. Ingia kwenye BIOS ushushe mwendo wa feni: prosesa ikiwa na nyuzi 70 au 75 inapofanya kazi haina shida yoyote, kwa maana prosesa nyingi za sasa hujipunguzia kasi zenyewe zikikaribia 90 au 100. Feni yenye plagi ya pini 4 inashuka kwa utulivu na kwa mpangilio; ya pini 3 inategemea kupunguziwa volti, na si kila kadi mama inaweza. Tukumbuke pia kwamba tuko kwenye mita 1200 hivi juu ya bahari, na wenzetu wa Bukavu kwenye 1500. Hewa ya huku ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Moanda, inabeba joto pungufu kidogo. Acha nafasi ya nyuzi chache.

Kuisogeza mashini nako kunasaidia. Mahali pa wazi, kila ukizidisha umbali mara mbili kelele inashuka desibeli 6. Katika chumba kidogo chenye kuta tupu inashuka pungufu ya hapo, kwa sababu sauti inarudi kutoka ukutani, lakini waya mrefu wa kipaza sauti ni rahisi kuliko kipoza chochote.

Ili kujua kama kazi imefaa, rekodi dakika moja ya chumba kitupu kabla na dakika moja baada, kipaza sauti mahali palepale, kiwango kilekile, na uzitazame zote mbili kwenye Praat. Mstari wa feni utauona unashuka au unafifia. Ukikuta mwingine wa Hz 100 ambao haujali feni ikienda mbio au polepole, usikilaumu kipoza. Umeme wetu ni wa Hz 50, na taa ya mrija iliyo darini huvuma mara mbili ya hapo. Izime, fungua dirisha upate mwanga, rekodi tena.