Njaa Isiyotoka Tumboni

Busia ni jina la miji miwili, mmoja Kenya na mwingine Uganda, na jioni ikiingia yote miwili hunukia chapati. Donge la unga wa ngano linasukumwa, linatandazwa kwenye kikaango cheusi, linanyunyiziwa mafuta, linageuzwa. Upande wa Uganda mpishi huongeza mayai yaliyopigwa na nyanya na kitunguu, kisha huviringisha vyote pamoja: hiyo ndiyo rolex. Mara nyingi anayeipokea hana njaa, maana mchana alikula akashiba. Ila mzigo wake umekwama, au aliyemkopesha hapokei simu, na mkono umeingia mfukoni wenyewe.

Kumwita mtu huyo mroho ni kumwonea. Anakula kwa hisia, na mwili wake una sababu zake.

Mshtuko wa ghafla kwa kawaida huua hamu ya chakula. Ofisa wa forodha akisema gunia lifunguliwe, moyo unakwenda mbio na tumbo linafunga, kwa kuwa adrenalini imeutayarisha mwili kukimbia au kupigana. Wasiwasi wa wiki nzima ni jambo jingine. Hapo tezi zilizo juu ya figo huendelea kumwaga kotisoli, homoni inayochochea hamu ya kula, hasa vitu vitamu na vya mafuta. Mwaka 2003 Mary Dallman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walieleza kwamba panya walioteswa na msongo wa muda mrefu, wakipewa sukari na mafuta ya nguruwe, msongo wao ulipungua. Kwa maneno mengine, chakula hicho kilikuwa dawa ya kweli, ingawa ya muda mfupi, na mafuta yalijilimbikiza tumboni.

Usingizi nao una sehemu yake. Januari 2022, Uganda ilipotaka kila dereva wa lori apimwe Korona mpakani, malori yalijipanga makumi ya kilomita upande wa Kenya, hasa kuelekea Malaba, mpaka unaoingilia wilaya ya Tororo. Madereva walilala ndani ya malori siku baada ya siku, wakala kilichouzwa kando ya barabara. Miaka 18 kabla ya foleni hiyo, Karine Spiegel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walikuwa wamechunguza vijana 12 wenye afya waliolala saa nne tu kwa usiku mbili. Leptini, homoni ya shibe, ilishuka kwa asilimia 18. Ghrelini, homoni ya njaa, ikapanda kwa asilimia 28. Walichotamani zaidi ni vyakula vya wanga na sukari. Dereva aliyekesha akinunua mandazi manne na soda anatii amri iliyotoka damuni.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya nchini Kenya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi. Wengi wanaotaka kuupunguza huanza kwa kujinyima: chai kavu asubuhi, mchana hakuna, usiku tunda. Mwaka 1944 mtafiti Ancel Keys alianza jaribio huko Minnesota, Marekani, ambako wanaume 36 walipunguziwa chakula kwa miezi sita. Wakaanza kuota chakula, wakakusanya vitabu vya mapishi, na waliporuhusiwa kula tena baadhi yao walikula bila kujua pa kukomea. Ndiyo maana anayejinyima tangu asubuhi hushindwa mbele ya kikaango jioni, kisha hujilaumu, na lawama hiyo nayo hutafuta kitu cha kuituliza.

Kuna uzito mwingine ambao vitabu vya ng'ambo haviugusi. Mwaka 1985 David Serwadda na wenzake waliandika katika jarida la Lancet kuhusu ugonjwa mpya wa Rakai, Uganda, ambao wanavijiji waliuita "Slim", kwa jinsi ulivyokondesha. Ulikuwa UKIMWI. Katika miji ya njia ya malori kumbukumbu hiyo ni nzito, na mama anayepungua kwa hiari yake anaweza kuulizwa kwa sauti ya chini kama anaumwa. Maswali hayo yanatosha kumrudisha mtu kwenye sahani.

Basi mwendo wa salama ni wa polepole: nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, bila kuruka mlo. Chakula chenyewe hakiko mbali. Ugali wa wimbi na muhogo ambao Wateso huuita atapa, kwa kunde, mrenda au omena, unashibisha muda mrefu kuliko mandazi. Hamu ikija nje ya saa ya mlo, inafaa mtu ajiulize: hata kunde zilizopoa ningezila sasa? Kama jibu ni hapana, ni rolex tu, huenda tumbo halimo katika shauri hilo.

Dukuduku likizidi, linahitaji wa kuambiwa. Mwaka 2003 Paul Bolton na wenzake walichapisha matokeo ya vikundi vya mazungumzo katika vijiji vya Masaka na Rakai, ambako watu wenye sonona walikutana kila wiki kwa wiki 16. Hawakupimwa uzito, lakini sonona yao ilipungua mno. Vyama vya akina mama vya kuweka akiba tayari hukutana. Kinachohitajika ni nusu saa ya kusemezana baada ya hesabu.

Kisha kuna miguu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter waliona mwaka 2009 kwamba kutembea haraka kwa dakika 15 kulipunguza hamu ya chokoleti. Busia ndiko inakosemekana boda boda ilizaliwa, baiskeli zilipobeba watu kutoka geti moja la mpaka hadi jingine. Mfanyabiashara aliyekasirishwa na mzigo wake anaweza kukiacha kiti cha pikipiki jioni hiyo, akakivuka kipande hicho kwa miguu, na akifika nyumbani akala chapati yake moja kwenye sahani, pamoja na kunde na watoto wake.