Kovu Linaloota Mguuni

Kuna kovu ambalo kidonda chake kilipona zamani, lakini lenyewe linaendelea kukua. Linakuwa gumu, linang'aa, linawasha, pengine linachoma kama sindano. Hilo ndilo keloidi. Daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert alilipa jina hilo mwanzoni mwa karne ya 19, kwa kuwa kingo zake hutambaa kama magando ya kaa. Kovu nene la kawaida hubaki ndani ya mipaka ya jeraha, na mara nyingi hunywea lenyewe. Keloidi huvuka mipaka na kuingia kwenye ngozi ambayo haikuumia kamwe.

Si kurogwa, si damu chafu, wala haliambukizi. Mwili unapoziba jeraha hutengeneza nyuzi za ngozi mpya, na kwa watu wengine hauachi kuzitengeneza. Sisi wenye ngozi nyeusi tunalipata zaidi, hasa kati ya umri wa miaka 10 na 30, na huandama koo.

Kifuani, mabegani na kwenye ndewe za masikio ni jambo la kawaida. Mguuni huota mara chache zaidi, baada ya kuungua, kukatwa na jembe au kushonwa, lakini hapo ndipo linaposumbua, maana mguu haupumziki. Mkanda wa ndara ukipita juu yake kutwa nzima, muwasho hauishi. Basi kabla ya dawa yoyote, tafuta kiatu kipana kisichogusa kovu.

Kishawishi kikubwa ni kulikata. Wapo wanaotumia wembe, na wapo wanaopaka tindikali ya betri! Keloidi likikatwa tu bila tiba nyingine, mara nyingi hurudi, pengine kubwa kuliko la kwanza. Ndiyo maana hata hospitalini daktari akilikata huongeza tiba nyingine.

Tiba inayotumika sana ni sindano ya triamsinoloni, inayochomwa ndani ya kovu lenyewe kila baada ya wiki 4 hadi 6, mara kadhaa. Inauma, sitawaficha, ingawa dawa ya ganzi husaidia. Wengi hukimbia baada ya sindano ya kwanza kwa kuona kovu liko palepale. Kumbe mara nyingi muwasho na maumivu ndivyo hutangulia kupungua, kisha kovu hulainika na kushuka taratibu. Ngozi ya hapo yaweza kuwa nyembamba na kufifia rangi. Mwenye kisukari aseme mapema, kwani dawa hiyo hupandisha sukari. Mjamzito naye aseme.

Ipo pia plasta ya silikoni, ambayo huvaliwa saa 12 au zaidi kila siku kwa miezi kadhaa, juu ya ngozi iliyofunga tu. Ni ghali, na mguuni jasho huibandua. Bandeji ya kubana husaidia ikifungwa na anayejua. Vidole vikipoa, vikifa ganzi au kubadilika rangi, ifungue mara moja.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Si kila uvimbe wa mguuni ni keloidi. Unyayoni keloidi ni nadra sana. Doa jeusi linalopanuka unyayoni au chini ya ukucha laweza kuwa saratani ya ngozi, ambayo kwa watu weusi hupenda mahali hapo hapo. Kovu la zamani la moto likifumuka kidonda kisichopona, nalo laweza kuwa saratani. Uvimbe wenye vitundu vinavyotoa usaha na chembe kama mchanga ni ugonjwa mwingine, unaoanza kwa mchomo wa mwiba. Haya yote hayangoji. Hukatwa kipande kidogo cha nyama kikapimwe maabara. Uliza hospitali yako ikupeleke kwa mtaalamu wa ngozi. Pale KCMC Moshi wamekuwa wakifundishwa tangu 1992.

Kama wewe au ndugu zako mna keloidi, mwambie daktari kabla ya operesheni yoyote. Na mtoto akiungua mguu, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno ibaki kwenye mswaki.