Kisukari: Tusimfungie Mlango Anayekuja Kutupima



Ndugu zetu katika imani, wiki hii twaelekeza macho bara, katika wadi ya Kiuu, Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Huko Githurai, kando ya barabara kuu ya Thika, wanaishi pia wana wetu wa pwani waliofuata kazi na masomo. Mtu hutoka alfajiri kwa matatu, akashinda ameketi, akarejea usiku kula chipsi na kunywa soda. Nasi tuliobaki pwani tusijione salama, kwani mahamri, kaimati na chai ya sukari nyingi hutufikisha pale pale.

Kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kilicho kingi, hakibishi hodi. Mtu huweza kuishi nacho miaka mingi bila maumivu, huku kikimla macho, figo na mishipa ya miguu. Tuliwahi kushiriki mazishi ya mama aliyekificha kidonda cha mguu kwa muda mrefu, akikitibu mwenyewe nyumbani. Alipofikishwa hospitali ndipo ilipobainika kuwa sukari imepanda. Wanawe walituambia kwa huzuni kwamba hakuwa amepimwa hata siku moja.

Hospitali kubwa, kama ile ya Thika Level 5, humtibu aliyekwisha kuifikia. Kinga ya mji huanzia mlangoni. Tarehe 25 Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchini, kila mmoja akikadiriwa kuhudumia kaya 100 hivi. Katika mikoba yao mna mashine ya presha na ya kupimia sukari. Mwaka huo huo Sheria ya Afya ya Msingi ikaipa kazi yao nguvu ya kisheria.

Lakini mashine haina faida mlango ukifungwa. Wako wanaoona haya, wakidhani kisukari ni fedheha. Maradhi si fedheha. Ni mtihani, na kutafuta tiba ni katika mafundisho ya Mtume wetu. Wako kina mama wanaochelea kumkaribisha mwanamume mgeni. Hilo lina njia: na aombwe mhudumu wa kike, au awepo mtu wa nyumbani.

Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika 7.0 au zaidi, mtu aende kituo cha afya athibitishiwe. Mja mzito naye aulize kliniki kuhusu kupimwa sukari, hasa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Aliyekwisha kupewa dawa asiziache kwa kuwa amepata nafuu, wala asizibadilishe kwa mitishamba pasi na kumshauri daktari. Aitazame miguu yake kila siku, na macho yapimwe kila mwaka.

Na Ramadhani je? Mgonjwa aonane na daktari mwezi mmoja au miwili kabla. Kuchomwa kidole ili kupima hakubatilishi saumu. Sukari ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda juu ya 16.6, madaktari wanashauri kufungua papo hapo. Qur'ani katika Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa, basi asione kwamba kuitumia ni udhaifu wa imani.

Misikiti yetu, ya Ruiru na Thika kama ya pwani, yaweza kutoa baraza baada ya Ijumaa ili waumini wapimwe. Madrasa zaweza kuwapa watoto maji na matunda badala ya soda. Nyumbani, mama apunguze sukari ya birika kidogo kidogo, na baba asinung'unike. Kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki, hakuhitaji fedha. Basi msikiti ulio karibu tuuendee kwa miguu.

Wiki hii, kila nyumba imuulize mzee wa mtaa jina la mhudumu wake wa afya. Akibisha hodi, tumwambie: karibu.