Klachi na Leseni ya Mjerumani

Kwa miongo mingi gari la kawaida nchini Ujerumani lilikuwa la manyuo, lenye pedali tatu na mkono wa gia katikati. Otomatiki ilihesabiwa kuwa ya wazee au ya wenye Mercedes kubwa.

Chanzo kimoja kilikuwa mafuta. Giaboksi za otomatiki za zamani zilipitisha nguvu ya injini kwa oili iliyozungushwa ndani ya chombo kilichofungwa, na sehemu ya nguvu hiyo ikapotea kuwa joto. Marekani, penye petroli rahisi na injini kubwa, hasara hiyo haikumsumbua mtu. Ujerumani petroli hutozwa kodi nzito na magari mengi yalikuwa na injini ndogo, hivyo dereva aliihisi kila alipopanda mlima na kila alipojaza tangi.

Lakini kilichoikita mizizi manyuo ni sheria, na hili husahaulika mno mazoea ya Wajerumani yanapozungumzwa. Aliyefanya mtihani kwa gari la otomatiki aliandikiwa namba 78 kwenye leseni, maana yake haruhusiwi kuendesha manyuo. Kijana gani angekubali kufungiwa gari la baba yake, la kazini na la kukodi? Wengi mno walijifunza klachi, na walichojifunza ndicho walichonunua.

Mwaka 2003 Volkswagen ilileta giaboksi ya DSG yenye klachi mbili: moja hushika gia ya 1, 3 na 5, nyingine 2, 4 na 6, kwa hiyo gia inayofuata huwa tayari kabla ya kuhitajika. Mwaka 2009 ikaja ya ZF, kampuni ya Friedrichshafen, yenye gia nane. Hoja ya mafuta ikapoteza nguvu. Gari la umeme likaja bila klachi kabisa, kwa kuwa mota yake huvuta kwa nguvu tangu gari likiwa limesimama.

Sheria ilifuata tarehe 1 Aprili 2021. Sasa mwanafunzi aweza kufanya mtihani kwa otomatiki na bado akaruhusiwa manyuo, mradi apate masomo yasiyopungua 10 ya dakika 45 kwenye gari la klachi, kisha apimwe na mwalimu wake kwa angalau dakika 15. Leseni yake huandikwa namba 197. Aliyekuwa na 78 naye anaweza kupitia mafunzo hayohayo akaondolewa kizuizi.